Habari ya kweli inaweza kungoja jioni

Wandugu, juzi katika grupu yetu ya WhatsApp mtu alituma video ya familia zenye kukimbia vita. Mlango wa shule kwenye walikuwa wanalala unaonekana muzuri kabisa. Nilikuwa karibu niisambaze: ni kweli, basi itoke! Halafu nikakumbuka Paris.

Tarehe 9 Januari 2015, mtu mwenye silaha alishika wateja mateka katika duka la Hyper Cacher. Wengine walijificha chini, kwenye chumba cha baridi cha kuwekea vyakula. Mambo yakiwa hayajaisha, BFMTV ikatangaza moja kwa moja kwamba kuna mwanamke amejificha mle. Na siku ileile muuaji alikuwa ameongea kwa telefone na televisheni hiyohiyo. Nani angemzuia kuifungua? Walio chini walitoka wazima, lakini baadaye mateka 6 walipeleka mashtaka.

Siku hiyo pia, kule Dammartin-en-Goële, mfanyakazi mmoja alijikunja chini ya lavabo zaidi ya saa 8, wauaji wa Charlie Hebdo wakiwa ndani ya jengo. Vyombo vya habari vikasema kuna mtu amejificha mle. Mwezi wa pili CSA ya Ufaransa (sawa na CSAC yetu) ikahesabu makosa 36 ya redio na televisheni katika siku zile.

Hapo hakuna aliyedanganya. Ku chuo tunafundishwa kuhakikisha habari, njo vizuri, lakini swali lilikuwa lingine: ni nani anahitaji hii habari sasa hivi? Mtazamaji wa nyumbani angeipata jioni bila hasara yoyote. Mwenye kuihitaji saa ile alikuwa mmoja tu, na alikuwa na bunduki.

Sisemi tunyamaze. Wakubwa wanapenda sana neno “usalama” wakitaka kufunga watu midomo. Hapa Bukavu, Serge Maheshe (2007) na Didace Namujimbo (2008), wote wa Radio Okapi, walipigwa risasi wakafa. Kama chakula cha wakimbizi kimeibiwa, taja kiasi, taja mkubwa aliyekiiba. Lakini mama aliyekushuhudia, jina lake na kijiji chake vya nini? Ukiviondoa, wizi unabaki wizi.

Niliandikia ndugu wa ile video aifute. Akajibu: “Ya hapa nimefuta. Lakini nilishaituma ku magrupu ingine tatu.”