Korona, Ubao na Macho ya Watoto wa Ufipa

Shule zetu hapa Tanzania zilifungwa katikati ya Machi 2020 kwa sababu ya korona, na za msingi zikafunguliwa tena Juni 29. Mwaka huohuo nchini China watoto walikaa ndani wakisomea kwenye simu na vishikwambi. Matokeo yake yalionekana katika mji wa Feicheng, jimbo la Shandong, ambako wanafunzi hupimwa macho kila mwaka. Miongoni mwa watoto wa miaka 6, wasioona mbali walifika asilimia 21.5 mwaka 2020, ilhali katika miaka mitano iliyotangulia hawakuwahi kuzidi asilimia 5.7.

Sababu iko kwenye ukuaji. Jicho la mtoto bado linakua, na likirefuka kupita kiasi, picha ya kitu cha mbali huishia mbele ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) badala ya kutua juu yake. Hapo maandishi ya ubaoni huwa ukungu, ingawa daftari linasomeka vizuri. Mwanga wa nje unaaminika kuifanya retina itoe dopamini, kemikali inayozuia jicho lisirefuke haraka. Ndiyo maana tunashauri mtoto akae nje walau saa 2 kwa siku.

Je, yaliyotokea Feicheng ndiyo yaliyotokea Sumbawanga? Sidhani. Tanzania haikuwafungia watu majumbani, na huku kwenye uwanda wa Ufipa miezi ile ni ya kuvuna maharage na kuingia kwenye mahindi. Mtoto wa Laela au Kaengesa aliyebaki nyumbani alikuwa shambani au machungani, na jua lilikuwepo la kutosha. Alichokosa ni mwalimu.

Mtoto asiyeona vizuri mara nyingi hasemi. Hajawahi kuona vinginevyo, hivyo hudhani kila mtu anaona kama yeye. Nyumbani atachunga na kuteka maji bila shida. Ni darasani anapofinya macho, anaponakili kwa jirani, anapoomba kuhamia dawati la mbele. Shule ikifungwa, anayeziona dalili hizo hayupo. Ikifunguliwa, mtoto huyo huchanganywa na waliosahau masomo, akaitwa mzito wa kuelewa.

Na si watoto wachache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu wanafunzi wa sekondari jijini Mwanza uliwakuta takribani 6 kati ya kila 100 wakiwa na tatizo la uoni linalorekebishwa kwa miwani. Kwa darasa la wanafunzi 50, hao ni watatu.

Kuwatambua hakuhitaji mashine. Chati ya herufi E hutundikwa mahali penye mwanga, usawa wa macho ya mtoto, na mita 6 hupimwa kwa futikamba. Mtoto hufunika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, kisha huonyesha kwa vidole miguu ya E imeelekea wapi. Wenzake wasubiri nje, maana wakisikia majibu huyakariri. Asiyeweza mstari ulioandikwa 6/12, hata kwa jicho moja tu, apelekwe kliniki ya macho katika hospitali ya rufaa ya mkoa.

Kazi haiishii kwenye cheti cha miwani. Huko Dar es Salaam, utafiti uliotoka mwaka 2008 uliwalinganisha wanafunzi waliopewa miwani bure na walioandikiwa tu wakanunue. Baada ya miezi mitatu, asilimia 47 ya waliopewa walikuwa wanaivaa au wanayo shuleni. Kwa walioandikiwa, ni asilimia 26. Bei inazuia, lakini hata ya bure zaidi ya nusu hawakuwa nayo. Wapo wanaochekwa, na wapo wazazi wanaoamini miwani hudhoofisha macho. Haidhoofishi. Namba hubadilika kwa sababu mtoto anakua, hivyo apimwe upya kila mwaka.

Mambo mawili hayasubiri siku ya kupima shuleni. Jicho jekundu linalouma au kutoa usaha lisitiwe maji ya majani wala dawa ya jirani, kwani kioo cha jicho kikipata kovu, miwani haisaidii tena. Na ukiona weupe ndani ya mboni ya mtoto, hata mchanga, mpeleke hospitali siku hiyohiyo: huenda ni mtoto wa jicho au saratani, na kila wiki inayopotea hupunguza nafasi ya kuokoa uoni wake, pengine hata uhai.