Nanosekunde 67 kwa Pakiti: Gharama ya Uzi wa Ziada

Kadi ya mtandao ya gigabiti 10 kwa sekunde, ikijaa pakiti ndogo kabisa za Etherneti, hupitisha pakiti milioni 14.88 kila sekunde. Pakiti ya baiti 64, pamoja na baiti 20 za utangulizi na mwanya wa lazima, ni biti 672. Kerneli basi ina nanosekunde 67.2 za kushughulikia kila moja kabla inayofuata haijabisha hodi. Kwa prosesa ya gigahezi 3, hiyo ni mizunguko kama 200.

Sasa mtu aongeze nyuzi: mmoja upokee, mwingine usome anwani, wa tatu ufikishe kwenye soketi. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini tukadirie kwamba kuuamsha uzi na kuuweka kwenye prosesa huchukua mikrosekunde 1. Muda huo pakiti 15 zimeshafika. Makabidhiano mawili, 30. Kumbukumbu si hoja: Linux ya x86-64 huupa kila uzi wa kerneli eneo la kazi la kilobaiti 16, hivyo nyuzi 32 hula kilobaiti 512 tu. Kinachouma ni muda, na makufuli yanayogombaniwa huuongeza.

Daladala haliondoki na abiria mmoja. Ndivyo NAPI, utaratibu wa Linux wa kupokea pakiti, inavyofanya: kadi huikatiza prosesa mara moja, kisha ukatizaji huzimwa na pakiti huchotwa kwa mkupuo, kwa kawaida hadi 64. Mikrosekunde ile ikigawanywa kwa 64 ni nanosekunde 15.6 kwa pakiti. Makabidhiano ya pili yakiingia inakuwa 31.2, karibu nusu ya bajeti.

Toleo la 5.12 la Linux, la mwaka 2021, liliruhusu kila foleni ya NAPI iwe na uzi wake, ingawa kwa kawaida huja umezimwa. Kwangu huo ndio uzi wa ziada unaorahisisha mambo kweli: kazi iliyokuwa ikijificha ndani ya muda wa programu nyingine sasa inaonekana, na msimamizi anaweza kuifunga kwenye prosesa anayoitaka.

Anayehudumia mafaili makubwa hatahisi haya. Pakiti ya baiti 1,518 ina bajeti ya nanosekunde 1,230. Wanaoumia ni wenye pakiti ndogo nyingi, kama seva za DNS na kuta za moto. Kwa gigabiti 100 bajeti ya pakiti ndogo hushuka hadi nanosekunde 6.7, na prosesa moja haitoshi. Hapo gawa foleni, kila moja na uzi wake, na pakiti iliyoingia foleni moja imalizwe humo humo.