Nyumba za Wanyonge Zijengwe kwa Fedha Gani?

Azma ya kumpatia mnyonge nyumba bora ni ya tangu Uhuru. Mwaka 1962 liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa, na mwaka 1972 Benki ya Nyumba. Benki hiyo ilifungwa mwaka 1995.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Tanga iliingizwa katika awamu ya pili ya mradi wa viwanja uliogharamiwa na Serikali pamoja na Benki ya Dunia. Mwananchi alipewa kiwanja kilichopimwa, chenye barabara na maji, akajijengea kwa jasho lake. Njia hiyo ilikuwa ya haki. Lakini marejesho yalikuwa hafifu, na tukubali kwamba baadhi yetu tuliidhani ni sadaka.

Leo Halmashauri ya Jiji inadaiwa nyumba za wajane na wazee, ilhali kodi ya majengo, tegemeo la mji wowote, mwaka 2021 iliunganishwa na malipo ya umeme na kukusanywa na TRA. Mkulima aliyenyang'anywa jembe halaumiwi kwa shamba kuota magugu!

Hata hivyo, mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga iliuza hatifungani za shilingi bilioni 53.12, na wanunuzi wakajitokeza. Maji yana ankara kila mwezi. Waheshimiwa Madiwani, kabla ya kutamani mkopo kama huo, watueleze marejesho ya nyumba yatakusanywa na nani.