Video ya vita imeingia kwenye simu yako: sheria inasema nini kabla hujaituma

Siku hizi vita vya mbali havisubiri taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Vinaingia moja kwa moja kwenye simu, katika kundi la kikoba au la ukoo, mtu akiwa mwaloni Musoma anasubiri dagaa au akiwa sokoni Bunda. Video ikija, mara nyingi huja na maneno: tuma kwa wengine. Je, unaruhusiwa kuituma?

Vita vya Gaza vilitugusa Watanzania moja kwa moja. Oktoba 7, 2023, Hamas iliposhambulia kusini mwa Israel, vijana wetu wawili waliokuwa huko kwa mafunzo ya kilimo hawakuonekana tena. Serikali ilithibitisha kifo cha mmoja Novemba mwaka huo, cha mwingine Desemba. Mwili wa huyu wa pili ulikabidhiwa kutoka Gaza Novemba 2025, miaka miwili baadaye. Katikati ya muda huo, video ya kuuawa kwake ilikuwa ikizunguka mitandaoni. Wazazi na ndugu zake nao wana simu kama wewe na mimi.

Tuanze na haki. Katiba yetu, ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi. Kwa hiyo mkulima wa Butiama anaweza kuwatetea Wapalestina, jirani yake akawalilia Waisraeli, na wa tatu akaukosoa msimamo wa serikali. Wote watatu wanatoa maoni, na maoni si kosa.

Panapochoma ni kwenye uongo. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamhusu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kuudanganya umma, kutisha au kutukana. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Zingatia maneno hayo mawili, kujua na nia. Aliyedanganyika hayuko sawa na mdanganyifu, lakini kulieleza hilo ukiwa kituoni si kazi nyepesi. Kifungu cha 31 kinampa mkuu wa kituo cha polisi mamlaka ya kuamuru upekuzi na kuchukua kifaa, hivyo ukidaiwa simu, uliza kwa upole amri imetoka kwa nani.

Na uongo wa vita ni mwingi. Vipande vya michezo ya kompyuta vimewahi kusambazwa kama mapigano halisi ya Ukraine na ya Gaza. Picha za Syria za miaka iliyopita zimerudishwa kama za jana. Kama video haisemi ni wapi wala lini, na aliyekutumia naye ametumiwa tu, iache ilipo.

Hata hivyo, tusimtwishe msikilizaji peke yake mzigo wote. Wakati wa vita vya Kagera, 1978 na 1979, Mwalimu Nyerere aliwatangazia wananchi kupitia redio ya taifa, na wengi hawakuwa na pengine pa kulinganisha. Leo pa kulinganisha papo, ila panafungwa. Mtandao wa X ulizuiwa nchini Mei 2025, na intaneti ikakatwa siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, kwa siku kadhaa. Habari rasmi zikikosekana na mtandao ukifungwa, uvumi ndio unaopata nafasi, na hapo anayetaka kuhakikisha hana pa kuhakikishia.

Ukiona jina au sura ya Mtanzania kwenye video ya vita, usiiweke kwenye kundi. Kama unaifahamu familia yake, nenda au piga simu. Wizara ya Mambo ya Nje ndiyo inayothibitisha hali ya raia wetu walioko nje, na ndugu wana haki ya kuwa wa kwanza kuambiwa.