Mazoea ya Mkono na Ugonjwa wa Wasiwasi: Tofauti ni Ipi?



Katika matawi tunaulizwa jambo ambalo si la mshahara wala la saa za kazi. Mtu anatafuna kucha mpaka damu inatoka. Mwingine anang'oa ndevu moja moja huku akingoja lori la zamu. Wa tatu amefunga stoo, amefika njiani, amerudi kuitazama kufuli. Je, hao ni wagonjwa?

Wengi si wagonjwa. Kazi zetu ni za kurudia kitu kile kile: kuchuma chai, kukata miwa, kuunga nyuzi kwenye mashine. Mwili ukishaijua kazi, akili huenda zake kufikiri karo za watoto au deni la dukani, na mkono usio na shughuli hujitafutia shughuli. Mtu hutikisa mguu, hutafuna kijiti cha kiberiti, hujikuna pasipowasha. Ukimwita, huacha na kucheka.

Hata hivyo zoea lisilo ugonjwa laweza kutudhuru. Mkono ulioshika dawa ya wadudu ukienda kinywani unapeleka sumu ndani. Vumbi la risasi katika kazi ya betri ni vivyo hivyo. Mayai ya minyoo nayo hukaa chini ya kucha. (Na mwajiri asiyeweka maji na sabuni karibu na mahali pa kazi asije akamlaumu mtu kwa kutafuna kucha.)

Ugonjwa una mwendo mwingine. Kwanza linakuja wazo ambalo mtu halitaki: stoo iko wazi, mikono ina uchafu, mashine itamkata mwenzangu kwa sababu yangu. Anarudi kuangalia, au ananawa tena. Hofu inatulia, lakini kwa muda mfupi tu. Kisha shaka inarudi na nguvu zaidi, kwa kuwa moyo umejifunza kwamba dawa ya hofu ni kurudia. Neno lenyewe wasiwasi limetoka katika Kiarabu, na Waislamu wanamjua tangu zamani mtu anayerudia udhu mara tano kwa shaka kwamba maji hayakufika.

Basi yule wa mazoea hajui kama anafanya. Huyu anajua sana, mara nyingi anajua hata kwamba haina maana, ila kuacha hawezi. Madaktari hutazama muda: mambo hayo yakila zaidi ya saa moja kwa siku, au yakiharibu kazi na nyumba, wanayahesabu kuwa ugonjwa. Kung'oa nywele na kuchuna ngozi huweza kuanza bila mtu kujijua, lakini akijaribu kuacha hushindwa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeyaweka katika kundi moja na ugonjwa huu wa wasiwasi.

Nakumbuka mtunza stoo mmoja wa kiwanda cha chai, mama wa miaka mingi kazini. Alikuwa akirudi kwenye kufuli mara sita, mara saba, lori linamwacha. Nyapara alisema anarudi kuiba. Barua za onyo zilifika mbili, na yeye kwa aibu hakumwambia mtu, hata mumewe. Stoo ilipohesabiwa hakikukosekana hata kilo moja.

Matibabu yapo. Kwa mazoea ya mkono, njia iliyoandikwa na Azrin na Nunn wa Marekani mwaka 1973 bado inatumika: mtu ajifunze kutambua mkono unapoanza kwenda, kisha aufumbe ngumi kwa dakika moja hadi tatu, na mwenzake wa karibu amkumbushe bila kumcheka. Kwa wasiwasi, mganga aliyesomea humsaidia mgonjwa kukaa na hofu yake bila kurudi kwenye kufuli, kidogo kidogo, mpaka hofu ishuke yenyewe. Kuna vidonge pia, vile vile vinavyotolewa kwa ugonjwa wa huzuni, lakini huchukua wiki nyingi kufanya kazi. Usiviache baada ya siku tano ukasema vimeshindwa. Kwa Uganda, hospitali kuu ya magonjwa ya akili ni Butabika, Kampala, na hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vyake.

Ukipewa barua ya onyo kwa uchelewaji wa namna hii, ujue kwamba Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa au kwa kazi hafifu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na kusikiliza maelezo yake. Mfanyakazi ana haki ya kuja na mtu aliyemchagua mwenyewe. Chukua cheti cha daktari, mpelekee katibu wa tawi pamoja na barua hiyo, kabla ya siku ya kikao na si baada yake.