Walijua Alikuwa Nyumbani, Lakini Hawakuaminiwa



Tuseme siku ya Jumamosi mnauza chakula katika boma la mwenzenu ili kupata pesa za kanisa. Watu wanakuja, wananunua, wanakwenda. Mwenye boma yuko hapo hapo, anatengeneza gari lake. Miezi inapita, halafu askari wanakuja kumkamata. Eti asubuhi ile ile aliua mtu mjini! Nyote mnajua hakutoka. Mtafanya nini?

Jambo hili lilitokea kweli, huko Marekani katika jimbo la Alabama. Tujifunze kutoka kwake.

MAMBO YALIVYOKUWA

Tarehe 1 Novemba 1986, msichana Mzungu wa miaka 18 aliuawa kwa risasi katika duka la dobi alikofanya kazi, katika mji mdogo wa Monroeville. Miezi ikapita bila mwuaji kupatikana. Watu walikasirika, na wakubwa wa polisi wakasukumwa wamkamate mtu.

Mnamo Juni 1987 walimshika Walter McMillian, mtu mweusi aliyekata miti msituni na kuiuza. Hakuwa mtu wa fujo. Lakini watu walimsema kwa sababu alikuwa na uhusiano na mwanamke Mzungu, na hapo jina lake likaharibika.

Siku ya mauaji, jamaa zake na watu wa kanisa walikuwa nyumbani kwake wakikaanga na kuuza samaki. Hata askari mmoja alipita akanunua chakula.

Kesi ilisikizwa Agosti 1988, ikaisha kwa siku mbili tu. Waliokaa kuamua walikuwa raia 12, na mweusi kati yao alikuwa mmoja peke yake. Walimwona ana hatia, wakapendekeza kifungo cha maisha. Hakimu akakataa, akaamuru auawe.

MAKOSA YALITOKEA WAPI?

1. Shahidi mkuu alikuwa mtu mwenye kesi zake mwenyewe. Polisi walimbana mpaka akasema walivyotaka.

2. Shahidi mwingine alisema aliliona gari la McMillian karibu na duka, likiwa limeshushwa chini. Kumbe gari hilo lilishushwa miezi mingi baada ya mauaji!

3. Mashahidi wa samaki walikuwa weusi. Neno lao halikupewa uzito.

4. Kabla ya kesi kusikizwa, McMillian aliwekwa katika jela ya waliohukumiwa kufa. Ni kama kusema tayari ana hatia.

UKWELI ULITOKAJE?

Wakili kijana, Bryan Stevenson, alichukua kesi hiyo. Hakuja na maneno makali. Alitafuta makaratasi, akazungumza na majirani mmoja mmoja. Akapata kaseti ya polisi. Upande mmoja shahidi mkuu anamtaja McMillian. Upande wa pili analalamika kwamba analazimishwa kumsingizia mtu asiye na hatia. Kaseti hiyo upande wa mshtakiwa ulikuwa umefichwa.

Shahidi mwenyewe akakiri kortini kwamba alidanganya. Hata hivyo hakimu alikataa. Wakakata rufaa tena, na Februari 1993 korti ya rufaa ikafuta hukumu. Tarehe 2 Machi 1993 McMillian akarudi nyumbani, baada ya karibu miaka sita. Alifariki mwaka 2013.

Tusisahau familia ya msichana. Mtu asiye na hatia akifungwa, wao nao wananyimwa ukweli.

NA HAPA KWETU KENYA?

Katiba ya 2010, vifungu vya 49 na 50, inasema aliyekamatwa ana haki ya kunyamaza na halazimishwi kukiri. Afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha, au siku ya korti inayofuata. Anahesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Na kama rufaa zimeisha, lakini ushahidi mpya wenye nguvu umepatikana, anaweza kuiomba Korti Kuu kesi ianze upya.

Lakini haki hizi hazitembei zenyewe. Mwenzenu akikamatwa, andikeni upesi mliyoyaona: siku, saa, na nani alikuwepo. Daftari la mkutano lenye tarehe na sahihi linaweza kumwokoa mtu. Na uvumi wa sokoni usiitwe ushahidi. Kama hukuona, sema hukuona.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Je, katika kijiji chetu kuna mtu ambaye tumeshamhukumu kwa maneno tu?

2. Je, daftari letu linaonyesha nani alihudhuria mkutano uliopita, na saa ngapi?

3. Tukiitwa kutoa ushahidi, ni nini kinachotuogopesha, na tutasaidianaje?