Zamu ya Kila Mmoja Kwenye Kanda

Wageni wanapotuandikia maelezo ya nyuma ya kava, huanza na umaskini. Mkusanyiko wa nyimbo za Temeke, Arusha au Dandora ukitolewa Ulaya, karatasi iliyo ndani yake itazungumzia vumbi, mabati na ajira zisizopatikana, kisha vijana wanaopaza sauti. Vumbi lilikuwepo, sibishi. Ninachobisha ni picha inayofuata, kwamba nyimbo zile zilikuwa zimezagaa barabarani zikingoja mtu mwenye sikio zuri aje kuziokota na kuzipanga. Hazikuzagaa. Zilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na taratibu za kuziweka pamoja.

Mwaka 2004 kampuni ya Out Here Records ya Ujerumani ilitoa mkusanyiko ulioitwa Bongo Flava: Swahili Rap from Tanzania. Ni kazi nzuri na ilitufikisha kwenye masikio ambayo redio zetu zisingeyafikia. Mwaka huohuo ikatoa albamu ya X Plastaz wa Arusha, ikaitwa Maasai Hip Hop. Mmaasai katika kundi lile alikuwa Yamat Ole Meipuko, na sauti yake ilikuwa tunu kubwa. Lakini Faza Nelly, Gsan na Ziggy walikuwa vijana wa mjini waliochana kwa Kiswahili, na mistari yao ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa nyimbo nyingi. Msikilizaji wa mbali aliona shuka jekundu, akadhani ameelewa. Faza Nelly aliuawa Arusha mwaka 2006, na hadi leo nikikutana na mgeni anayelijua kundi lile huniuliza habari za shuka, haniulizi habari za mistari yake.

Hatuko peke yetu katika hili. Simi-Simi, mtaa wa Kisangani, Kongo, wenye uwanja wa ndege wa zamani, duniani unajulikana kwa asubuhi moja tu, ya tarehe 24 Novemba 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji walipotua pale. Mtu anaweza kusoma kurasa nyingi juu ya uwanja ule asijue kwamba mji huohuo ndiko mwanadansi Faustin Linyekula alikohamishia Studios Kabako, kazi aliyoianzisha Kinshasa mwaka 2001, ili vijana wa pale wapate mahali pa kucheza na kurekodi muziki bila kwanza kuhama mji wao. Mahali hupewa siku moja ya maafa, na maisha mengine yote yakafutwa.

Basi acha nieleze desturi zetu sisi tuliokulia kwenye kanda.

Kaseti ya kawaida ilikuwa na dakika 60, nusu upande A, nusu upande B. Nyimbo nane zikiingia upande mmoja, ya tisa ilikatika katikati ya ubeti. Kwa hiyo nafasi kwenye kanda ya pamoja ilikuwa mali, na kugawa mali kunahitaji adabu. Mwenye kanda, ambaye mara nyingi alikuwa DJ au prodyuza, hakutuma ujumbe. Alikwenda mwenyewe hadi maskani ya yule anayemtaka. Kama maskani ilikuwa barazani kwa wazazi wa mchanaji, alianza na shikamoo kwa mama mwenye nyumba, akakaa, akaulizwa habari za nyumbani, akajibu zote. Mdundo ulitolewa mwishoni kabisa, ndani ya kaseti isiyo na jina, na hapakuwa na karatasi ya kutia saini. Ukishaupokea mdundo mkononi umeshakubali, na kuurudisha mtupu ilikuwa aibu iliyokufuata mtaa mzima.

Mistari iliandikwa kwenye daftari la shule, kurasa za nyuma. Watu wa nje hudhani kila kitu kilikuwa mitindo huru, papo kwa papo. Mitindo huru ilikuwa ya kijiweni, ya kunoa ulimi. Kwenye kanda ilikuwa dharau kuja bila kuandika, kwa sababu unawatumia wenzako dakika zao. Vina vilihesabiwa. Kuna waliokariri tungo shuleni, wakajua kwa mazoea pale ambapo mstari unatakiwa kupumua, wala sishangai, maana nchi hii ilikuwa na UKUTA, chama cha washairi kilichoanza mwaka 1959, na ngonjera za Mathias Mnyampala zilichezwa na watoto wa shule kabla hata ya DJ wa Bronx kugusa santuri yake ya kwanza. Diwani za washairi wengi zilikuwepo kabla ya kanda ya marapa wengi.

Siku ya kuingiza sauti ndiyo ninayoikumbuka kwa mapenzi. Studio zilikuwa chache. Mawingu ya Bonny Luv ilikuwa mojawapo ya zile ambazo kila mtu alitamani kuingia, na kupata saa za usiku ilikuwa bahati, kwa sababu mchana zilishikwa na wenye fedha. Tulikwenda kundi zima, hata wale wasio na ubeti. Aliyekuwa na hela alinunua maandazi, wengine walichanga nauli ya kurudi. Mdogo alianza na mkubwa alifunga, na kila mmoja alikaa kimya wakati mwenzake yuko kwenye maiki. Ubeti ukiwa dhaifu uliambiwa hapohapo, mbele ya wote, kisha ukapewa nafasi ya pili. Ukiwa umeiba mstari wa mtu hukupewa ya pili. Sijaona mahakama yenye kesi fupi kuliko ile.

Halafu zilikuja salamu. Wakusanyaji wa nje huzikata salamu, wakisema zinarefusha wimbo na msikilizaji wa Berlin hawajui wanaotajwa. Ni kama kukata majina kwenye kaburi kwa sababu mpita njia hawajui waliozikwa. Katika salamu ndimo walimotajwa marehemu wetu, ndugu waliokuwa gerezani, mama aliyetukopesha redio, maskani za Keko, Kinondoni na Ilala, na lile kundi tulilogombana nalo mwaka uliopita na sasa tumepatana. Patano lilikuwa halijathibitika mpaka lisikike kwenye kanda. Wapo watu ambao sauti zao hazijabaki popote duniani isipokuwa katika sekunde arobaini za mwisho wa upande B.



DJ nimemtaja tu, naye alikuwa mkubwa wa wote. Muziki huu ulizaliwa mikononi mwa ma-DJ. Kool Herc aliporefusha mapigo ya ngoma kwenye karamu ya dada yake pale Sedgwick Avenue, Bronx, tarehe 11 Agosti 1973, alikuwa na mashine mbili za santuri, na marapa walikuwa wapambe. Baadaye Marekani yenyewe ilisahau mpangilio huo, hata ikabidi Bomb Hip-Hop Records ya San Francisco itoe mwaka 1995 mkusanyiko ulioitwa Return of the DJ, santuri nzima ya mikono inayokwaruza na kukatiza, ili kumrudisha DJ kwenye kiti chake. Sisi hatukuhitaji kumrudisha, kwa sababu hakuwa ameondoka. Dar es Salaam ya miaka ya 1980 ilikuwa mji wa disko. Watoto tulikwenda disko toto mchana wa wikiendi, na majina kama Kalikali na Seydou yalikuwa makubwa kuliko ya wanamuziki wengi wa jukwaani. Santuri zililetwa na mabaharia na jamaa waliosafiri, na DJ mwenye santuri ambayo mwenzake hana alikuwa na kitu cha kulindwa. Wengine walibandua lebo ya katikati ili mpinzani asisome jina.

Ndiyo sababu rapu yetu ya kwanza ilipanda juu ya midundo ya watu. Saleh Jabir aliyetamba kwenye shindano la Yo! Rap Bonanza mwaka 1991 alitoa kanda ya Swahili Rap mwaka huohuo, akachana kwa Kiswahili juu ya mdundo wa Vanilla Ice, na wapo wasomi wanaoliita tukio hilo kuiga. Kuiga gani kunakofanya mji mzima ukariri maneno kwa lugha yake? DJ alitoa santuri, mchanaji akatoa lugha, na watu wa disko wakawa mashahidi. Kwanza Unit walipojikusanya mwaka 1993 kutoka makundi tofauti, walikuja hata na wazo la taifa lao, Kwanzania, lenye raia wasio na mpaka isipokuwa utamaduni huu. Wazo hilo lilinitia wazimu wa furaha wakati ule na bado naliona ndilo tamko zuri kuliko yote yaliyotolewa na marapa wa nchi hii. Redio One ilipoanza mwaka 1994, Taji Liundi na Mike Mhagama wakacheza nyimbo hizi kwenye DJ Show, na kanda ambayo ilikuwa ya maskani ikasikika mikoani. Clouds nayo ilikuwa disko kabla haijawa redio mwaka 1999. DJ ndiye aliyekuwa mlango.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba makundi yetu na mabishano yake, Temeke kwa Upanga, Gangwe Mobb kwa East Coast Team, yalinakiliwa kutoka New York na Los Angeles. Anayesema hivyo hajasikia habari za Beni. Mwanzoni mwa karne iliyopita pwani hii iligawanyika kati ya Marini na Arinoti, vyama vya ngoma vyenye sare, vyeo vya kijeshi, na tungo za kukejeliana zilizowafanya watu wauze mali ili upande wao ushinde. Mji wenye historia hiyo hauhitaji kufundishwa na Marekani namna ya kushindana kwa nyimbo.

Nairobi nako walikuwa na lao. Kalamashaka wa Dandora walifungua njia na Tafsiri Hii mwaka 1997, na kutoka kwao likatokea kundi kubwa la Ukoo Flani Mau Mau. Mwaka 2004, kwa msaada wa Waholanzi, ikarekodiwa Kilio cha Haki, mkusanyiko wa marapa wengi wa Eastlands kwa Kiswahili na Sheng. Nikiisikiliza nasikia kitu nilichokizoea: mtu anamaliza ubeti na mwenzake anaupokea pale alipouacha, kama wanaokaa nyumba moja. Huo ndio mkusanyiko. Nyimbo kumi na tano za watu wasiojuana, zilizonunuliwa leseni na kupangwa kwa barua, zaweza kuwa tamu sana, lakini ni duka.

Sasa desturi inakwisha. Kaseti zilikwenda, CD zikaja na kwenda, kisha flashi, na leo mtoto wangu ana orodha ndefu kwenye simu iliyopangwa na mashine. Hajui nani alimwalika nani. Prodyuza aliye Mbeya anapokea ubeti kutoka Mwanza kwa WhatsApp, analipwa, anautuma, na waliomo katika wimbo mmoja hawajawahi kupeana mikono. Ubora wa sauti umepanda, nakubali. Aliyeketi kimya kumsikiliza mwenzake ndiye aliyepotea. Ndiyo maana niliwapenda Tamaduni Muzik walipoanzisha Kilinge, kwenye miaka ya mwanzo ya 2010, akina Nikki Mbishi, One the Incredible na Nash MC, wakasimama duara moja kila mtu kwa zamu yake, na wakaziita kazi zao kandamseto. Walikuwa wadogo zetu na hawakuzikuta kaseti zikiwa na nguvu, lakini walijua zamu ni nini. Singeli ya Mburahati inayokusanywa siku hizi na Wazungu ina kasi kupita masikio yangu, niwaachie wanaoiweza.

Kinachoniuma zaidi ni kanda zenyewe. Hewa ya pwani ina unyevunyevu na utepe wa kaseti hushika ukungu. Kanda mama nyingi zilifutwa kwa kurekodiwa upya juu yake kwa sababu kaseti tupu ilikuwa ghali. Klabu ya usiku ya Bilicanas imeshavunjwa, studio kadhaa za wakati ule ni maduka ya vipuri, na wengi waliotajwa kwenye salamu sasa ni marehemu kama wale waliowataja. Tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 na chombo chake, COSOTA, na hilo ni jema kwa wenye majina. Kijana aliyetoa ubeti mmoja kwenye upande B, kisha akaenda kufundisha shule ya msingi Lindi, hana faili popote.

Kwa hiyo kampuni ya nje ikija tena kutafuta nyimbo tatu nzuri kutoka kwenye sanduku lako, usitoe nyimbo tatu. Itoe kanda nzima, pande zote mbili, na sauti ya DJ inayoingilia katikati, na salamu zote mpaka jina la mwisho. Wakisema ni ndefu, waambie ndivyo ilivyotengenezwa. Wakikataa, mpelekee mwanao aliye na kompyuta aihamishe yeye, usiku wa leo, kabla utepe haujakatika.